Mama wa Rais wa Chuo

Erdington, Birmingham
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Félicien,

Pokea salamu za watu watatu wa nyumba hii: mimi dada yako, Mama, na mpwa wako Djo. Sisi tunapumua. Mvua imeanza kabla ya wakati wake, boila inayopasha nyumba joto imezimika tena na fundi ameahidi Jumanne, bila kusema Jumanne ya mwezi gani. Djo ameingia mwaka wa mwisho wa masomo na anafuga ndevu ambazo bado hazijakubali kuota. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu kwa Kiingereza. Jirani yetu Narinder, yule mama wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu, anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Kila siku anakuja kupiga soga na Mama kwa Kiswahili chake cha Kisumu, na Mama anamsahihisha bila huruma. Mimi bado niko kantini ya chuo kikuu, nawapikia maprofesa viazi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hupokei. Mwezi huu nimepiga mara nne, na mara zote nne ukanitumia ujumbe kwamba uko mkutanoni. Mmoja ulikuwa Jumapili mchana. Nikajiuliza ni mkutano wa nini, au siku hizi umekuwa mchungaji.

Sasa neno lenyewe. Daktari amesema Mama ana ugonjwa wa kusahau, na hautarudi nyuma. Wiki iliyopita alipanda treni peke yake hapa Erdington, wakamkuta Sutton Coldfield akiwauliza watu njia ya kwenda soko la Uvira. Djo, Mama anamwita kwa jina la marehemu Baba. Mimi siku nyingine ni Sabine, siku nyingine ni dada yake aliyekufa zamani. Wewe tu ndiye hajakuchanganya na mtu. Kila akikaa mezani anauliza: "Félicien iko wapi? Ameshakula?" Tunamwambia umeshakula, naye anaanza kula.

Miaka sita hujakanyaga hapa. Njoo akuone wakati bado anakujua. Sikuombi kitu kingine chochote.

Dada yako,
Sabine


Georgia, Marekani
19 Oktoba 2024

Yaya Sabine, dada yangu mkubwa, shikamoo.

Natumaini boila imepona. Mimi ni mzima, watoto wazima, mke wangu anakusalimu. Joto la huku bado halijaondoka.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Mkufunzi wetu, mama mmoja aliyewahi kuongoza vyuo viwili, anatufundisha kwamba kiongozi huandika barua tano kwa mkono kila asubuhi. Leo nimewaandikia wafadhili wanne, na ya tano nimeona niandike kwako.

Nikueleze kwa nini sipokei simu. Nimechaguliwa, pamoja na wenzangu kumi na saba, kwenye mafunzo ya mwaka mzima ya kuwaandaa marais wa kesho wa vyuo vya kihistoria vya Weusi. Huku mkuu wa chuo huitwa rais. Vyuo hivi vilijengwa na watu waliotoka utumwani, wakati vyuo vya wazungu vilipowafungia mlango. Vingi vimechoka: mabweni yanavuja, mwalimu mmoja anabeba masomo sita. Tunajifunza kusoma bajeti, kukabili waandishi wa habari, kumwachisha mtu kazi bila kumdhalilisha, hata kula na tajiri bila kuwa na chakula mdomoni anapouliza swali. Usicheke. Naamini kazi hii kuliko nilivyowahi kuamini kitu.

Mwezi huu tulifanyiwa usaili wa mazoezi. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye bodi ya wadhamini akaniuliza: "Wewe hukuzaliwa kwetu. Kwa nini tukukabidhi nyumba ya bibi zetu?" Nikasimulia tulivyokimbia Uvira mwaka 1996, na jinsi Mama alivyofia njiani, nikabaki nikitafuta elimu kama mtu anayetafuta mama. Watu wawili walilia. Mkufunzi alisema hiyo ndiyo hadithi yangu, nisiiguse tena.

Yaya, usishtuke. Niliandika hivyo kwenye insha ya kuomba nafasi ya masomo nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo ndivyo watu wa huku wanavyonijua. Nikibadilisha leo nitaitwa mwongo. Kuna chuo kimoja, Pinder Hill, kinatafuta rais, na jina langu limo. Kwa hiyo naomba, ukipiga simu ofisini, usimwambie katibu kwamba ni habari za mama yangu. Sema ni dada tu. Kuja siwezi kabla ya Juni.

Mdogo wako,
Félicien


Erdington, Birmingham
3 Novemba 2024

Félicien,

Boila imepona. Djo ananyoa ndevu. Mama amefikisha miaka sabini na mitatu jana, tukamkatia keki, Narinder akamvika shali, Djo akapiga picha. Mama aliuliza kama wewe umebakiziwa kipande. Nilikubakizia, kikakauka.

Barua yako nimeisoma ndani ya basi nikitoka kazini, nikapitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu kwenye mvua nikikutukana kwa lugha tatu.

Nikukumbushe, maana huenda na wewe umeanza kusahau. Kwa miezi minane sote tuliamini amekufa, hilo ni kweli. Tulipofika kambini upande wa Tanzania, wewe una miaka kumi na minne, walikuwa wanawatenga watoto wasio na wazazi. Nikajiandikisha kuwa mama yako. Nikajiongezea miaka mitano ili hesabu ikubali, na mpaka leo karatasi zangu zinasema nimekuzaa na nina miaka sitini. Mama alipotokea, miguu imevimba, faili lilikuwa limeshafungwa, wakamwandika bibi yako. Wengi pale waliandikwa hivyo. Lakini aliyemkimbilia kwanza ni wewe. Ulimshika kiunoni ukakataa kumwachia hata aoge. Na ile insha yako uliiandika chini ya turubai moja naye, yeye akikuwekea viraka kwenye suruali utakayosafiri nayo.

Nimewaona hao marais wako, Félicien. Hapa kantini nawapelekea chai mikutanoni. Hakuna aliyeulizwa mama yake amekufa wapi. Hayo mafunzo yana siku gani ya somo la mama? Au hilo lilipita ukiwa kwenye chakula cha jioni na tajiri?

Njoo Krismasi. Siku tatu tu. Hakuna atakayekupiga picha.

Sabine


Georgia, Marekani
22 Desemba 2024

Yaya,

Krismasi njema kwenu. Huku tu wazima.

Sikuja, kama unavyoona. Pinder Hill wameniita kwa usaili wa kweli mwezi wa kwanza, siku mbili, mbele ya bodi, walimu, wanafunzi na wahitimu wazee. Likizo hii yote najizoesha mbele ya kioo. Ukipata nafasi, niombee.

Barua yako ilikuwa kali na nimeivumilia. Sasa nivumilie mimi. Daktari wako amekwambia Mama anasahau. Mtu anayesahau hasubiri, yaya. Anayesubiri ni wewe. Unataka nije niseme mbele ya kanisa lenu kwamba umejitoa, kwamba bila wewe nisingefika. Haya, nasema: umejitoa. Bila wewe nisingefika. Imetosha? Nikija leo, kesho yake hatakumbuka kama nilikuja, nami nitakuwa nimepoteza chuo chenye vijana elfu moja na mia mbili ambao hakuna anayewangoja mezani.

Nitakwambia jambo ambalo siwezi kumwambia mke wangu. Siku nyingine nawaza kwamba kama kweli angekufa mwaka ule, leo mambo yangu yangekuwa mepesi. Simtakii mabaya. Nasema tu ningekuwa mkweli.

Msalimie kwa namna utakayoona inafaa.

Félicien


Georgia, Marekani
30 Machi 2025

Yaya Sabine mpendwa,

Miezi mitatu hujaniandikia. Najua umenikasirikia, na una haki. Lakini kaa chini kwanza usome hii.

Nimepata! Mimi ndiye rais wa Pinder Hill. Naanza kazi Julai, na Septemba nasimikwa kwa joho na rungu la fedha, mbele ya watu elfu tatu. Mtoto wa Uvira! Nilitamani Baba angekuwepo.

Sasa sikiliza lililotokea. Mapema Februari, chuo kilipotangaza mtandaoni majina matatu ya mwisho, Djo aliweka chini yake picha ya Mama na keki, akaandika kwamba huyu ni mama yangu na anaishi Birmingham. Mwenyekiti wa bodi akaniita. Nikaenda nikijua kazi imeniponyoka. Lakini mwaka mzima tumefundishwa: ukibanwa, usikane, geuza swali liwe hadithi. Nikamwambia kwamba tulimhesabu amekufa, tukamlilia, na sasa Mungu amenirudishia, amepatikana Uingereza kwa dada yangu. Mwenyekiti alinikumbatia. Gazeti la chuo limeandika ukurasa mzima. Wahitimu wazee wameshachangia nauli yenu wawili.

Kwa hiyo umepata ulichotaka. Tutaonana na Mama, tena kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata. Mfungie kitenge cha rangi ya dhahabu, ndiyo rangi ya chuo. Hahitaji kusema chochote, kusahau kwake hakutaonekana. Atapanda jukwaani, nitamkumbatia, atakaa. Muanze mapema habari za viza. Na tafadhali mwambie Djo asiandike kingine.

Ndugu yako mwenye furaha,
Félicien


Erdington, Birmingham
17 Aprili 2025

Félicien,

Hongera. Djo amepata kazi ya muda huko Acocks Green. Narinder anasumbuliwa na goti. Mimi ni mzima.

Mama alifariki tarehe 11 Februari, Jumanne, saa mbili asubuhi, nikimvalisha soksi. Nilikuwa nimemaliza mguu mmoja. Tulimzika Witton tarehe 21. Kwaya ya kanisa iliimba mpaka wachimbaji wakatazama saa zao. Wanawake walipika sombe ya majani ya muhogo, na Narinder akaleta sufuria nzima ya wali wa njegere, akasimama kaburini na fimbo yake kwenye tope akilia kama ni mama yake. Watu waliuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Niliwajibu hayupo.

Sikukupigia simu. Djo alitaka kukupigia, nikamnyang'anya simu. Alisema: "Mum, that's not right. He's her son." Nikamwambia mwanawe alimzika zamani, hana haja ya kuchoshwa na maziko mengine. Usimlaumu kwa ile picha. Alikuwa anajivunia mjomba wake.

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa mmoja wetu lazima awe. Nilifurahi kukuficha. Nilitaka usimame mbele ya watu wako ukimtaja, na mimi huku niwe najua jambo usilolijua. Lilinipa nguvu ya kuamka wiki zile. Barua yako ilipofika nikacheka mpaka Narinder akagonga ukuta.

Umesema mambo yako yangekuwa mepesi. Haya, sasa ni mepesi. Waambie amekufa. Una uzoefu.

Sabine


Georgia, Marekani
2 Mei 2025

Yaya,

Niliisoma barua yako ndani ya gari, kwenye maegesho ya chuo, nikalia hadi mlinzi akaja kugonga kioo. Sijui utaamini. Ulininyima mama yangu, Sabine. Ungenipigia ningekuja, hata kutupa udongo tu kaburini. Hilo sitakusamehe haraka, na huenda wewe pia hutanisamehe. Basi tumelingana.

Lakini yaya, nimeshasema anakuja. Imeandikwa. Picha ya keki iko kwenye ukumbi wa utawala, kubwa kama mlango. Nikiwaambia amekufa Februari wataniuliza kwa nini Machi nilisema anakuja, na kwa nini sikwenda kumzika. Rais asiyejua mama yake amekufa! Wataninyang'anya kazi kabla sijakalia kiti. Vijana wale watapata mtu mwingine ambaye hajui njaa ni nini.

Nimewaza siku nane. Karatasi zako zinasema wewe ni mama yangu. Paspoti yako inasema una miaka sitini. Mnafanana na Mama, kila mtu anasema, na kwenye ile picha shali na kofia ya sherehe vimemfunika nusu ya uso. Njoo wewe. Hatutadanganya afisa yeyote, karatasi ndizo zitakazosema. Usipake nywele rangi. Tembea polepole. Ukiulizwa jambo, tabasamu tu. Uliwahi kufanya hivi kwa ajili yangu pale kambini, ukaniokoa, na hakuna aliyekuita mwongo. Fanya mara moja tena. Baada ya hapo hutasikia tena ombi langu.

Mama angekubali. Unajua angekubali.

Félicien


Erdington, Birmingham
20 Mei 2025

Mdogo wangu Félicien,

Hatujambo. Jua limetoka wiki nzima, na Narinder amekaa nje na goti lake akiniuliza kila saa nakuandikia nini.

Sitakuja. Ningekuandikia hilo tu nikafunga bahasha, lakini umesema pale kambini hakuna aliyeniita mwongo, na sasa ni lazima ujue mimi ni mwongo wa aina gani. Aprili nilikwambia mengi ili yakuume. Hili sikulisema kwa sababu linaniuma mimi.

Barua yako ya Krismasi ilifika tarehe 4 Januari. Niliisoma jikoni nimesimama. Mama alikuwa mezani, akauliza kama kawaida yake: "Félicien iko wapi? Ameshakula?" Nikamjibu: "Félicien alikufa, Mama." Nilikuwa na hasira nawe. Nilitaka na wewe uwe umekufa, angalau katika nyumba moja. Alilia mpaka giza likaingia, sahani ya bugali hakuigusa. Kesho yake asubuhi alikuwa amesahau, akauliza tena. Nikamwambia tena. Akalia upya, maana kwake ilikuwa habari mpya. Nilifanya hivyo wiki nzima, Félicien. Siku ya pili nilikuwa nimeshaona inavyomfanya, na siku ya tatu nikamwambia tena.

Narinder ndiye aliyenikamata. Aliingia na chai akanisikia. Alisema: "Sabine, wewe unafanya nini? Kama unataka kumpiga Félicien, nunua tiketi uende umpige. Huyu mama amekukosea nini?" Nikaacha siku ile ile. Nikaanza kumwambia Mama kwamba u hai, kwamba umepanda ndege, kwamba utafika kesho. Nilidhani atasahau yale kama anavyosahau kila kitu.

Hakusahau. Alisahau jina langu, akasahau kushika kijiko, lakini hilo likabaki. Akaacha kuuliza kama umekula. Alishuka kwenye kochi, akakaa sakafuni sebuleni, kitenge amejifunga kichwani, na kila aliyeingia, hata muuguzi, hata aliyeleta vifurushi, alimwambia: "Mukuje mukae. Niko na kilio ya mutoto wangu." Djo alipiga magoti, akamwonyesha bibi yake picha yako kwenye simu. "Look, Koko, he's alive, he's smiling." Mama akaiangalia vizuri, akamrudishia simu. "Picha ya watu ya kufa iko vile," akasema, "inacheka tu."

Daktari alisema huenda sauti yako ingesaidia, au ungeingia tu mlangoni akakushika. Mara mbili nilishika simu nikupigie. Ningelazimika kukueleza kwa nini nataka uje haraka hivyo, nikaona aibu, nikaiweka chini. Kwa hiyo usiseme nilikunyima mama yako. Nilimnyima yeye mwanawe.

Alikuwa msibani mwako zaidi ya mwezi, na huko huko msibani akafa. Asubuhi ile, nikimvalisha, alinishukuru kwa kuja kumlilia mtoto wake, akaniuliza kama na mimi nina watoto. Wewe uliandika, mimi nikasema. Waambie watu wako lolote utakalo, una miezi minne ya kujizoesha. Mimi usinitafutie viza. Siwezi kusimama mahali popote nikaitwa mama yako.

Sabine